Majimbo Yalikufa Njaa, na Kaunti Zetu Zinaijua Hiyo Njaa

Kila mwaka, kuanzia Februari hivi, kuna ugomvi mmoja Kenya ambao watu wa rika letu huwa tunauruka tu kwa simu. Magavana wanataka mabilioni zaidi. Hazina ya Kitaifa inasema hakuna pesa. Seneti inataja nambari yake, Bunge la Kitaifa linataja yake, wanaunda kamati ya upatanisho, wanarudi na nambari ya katikati. Sisi tunasoma kichwa cha habari, tunasema "hao wezi wanagawana," tunaendelea na video inayofuata.

Mimi nasema huo ndio ugomvi mkubwa kuliko yote katika siasa yetu, na ndio tunaouelewa kidogo zaidi. Kiti cha urais tunakijua hadi majina ya madereva. Lakini swali la nani anakusanya ushuru, nani anaugawa, na nani anabaki akingoja? Hapo tunanyamaza. Na siwezi kulaumu mtu, juu historia yake tulifunzwa kwa aya mbili tu: kulikuwa na majimbo, halafu KADU ikavunjwa, mwisho. Hakuna aliyetuambia majimbo yalikufaje. Hayakuanza kufa kwa kura. Kwanza yalinyimwa pesa.

Wacha nieleze, halafu uniambie kama hauoni jambo linalofanana na la leo.

Katiba ya kwanza ilikuwa na kaunti zake

Kenya ilipata madaraka tarehe 1 Juni 1963 na uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huo huo. Katiba tuliyoanza nayo ilikuwa imejadiliwa kule Lancaster House, London, na haikuwa ya serikali moja kubwa. Ilikuwa na mikoa saba pamoja na Nairobi. Kila mkoa ulikuwa na bunge lake na rais wake wa mkoa. Kulikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Mikoa ilipewa kazi za kweli, kama elimu ya msingi na afya, pamoja na vyanzo vyake vya mapato na sehemu ya ushuru uliokusanywa kitaifa.

Waliotaka mfumo huo walikuwa KADU, chama cha kina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Hofu yao ilikuwa rahisi kuelewa: jamii ndogo zitamezwa na kubwa, na yeyote atakayeshika Nairobi atashika kila kitu, pamoja na ardhi. Waliopinga walikuwa KANU, chama cha Jomo Kenyatta, Tom Mboya na Oginga Odinga. Na wao pia walikuwa na hoja. Nchi changa, maskini, yenye wataalamu wachache, itawezaje kulipia mabunge saba na serikali saba? Tena waliona mkono wa walowezi kwa hayo majimbo, njia ya kuhakikisha serikali ya Waafrika inazaliwa ikiwa dhaifu.

Sitaki kujifanya upande mmoja ulikuwa malaika. Kilichofuata ndicho kinaniuma.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, kwa hivyo chama kilichopinga majimbo ndicho kilipewa kazi ya kuyajenga. Ni kama kumpa mtu asiyependa watoto wako kazi ya kuwapikia. Serikali kuu haikuhitaji kufuta mikoa siku ya kwanza. Ilikawia tu. Wafanyakazi wa serikali waliofaa kuhamia chini ya mikoa wakabaki wakipokea amri kutoka Nairobi. Madaraka yakacheleweshwa. Pesa zikacheleweshwa. Rais wa mkoa alikuwa na cheo, ofisi na katiba mkononi, lakini hakuwa na hela ya kufanya kitu ambacho mwananchi angekiona. Na kiongozi ambaye hana kitu cha kuonyesha, ni nani atamtetea akivamiwa?

Kufikia Novemba 1964, KADU ilijivunja yenyewe na viongozi wake wakavuka kwenda KANU. Desemba 1964 tukawa jamhuri, na mabadiliko ya katiba yakaanza kuing'oa mikoa kucha moja moja. Seneti nayo ikaunganishwa na Bunge, ikaisha. Moi, ambaye alikuwa rais wa Mkoa wa Bonde la Ufa na mtetezi wa majimbo, baadaye aliongoza nchi kwa miaka 24 chini ya serikali iliyobana kila kitu Nairobi. Historia ya Kenya ina ucheshi wake.

Waraka uliochora ramani ya umaskini

Mwaka wa 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Ofisi ya Mboya ndiyo iliyousukuma. Jina lilikuwa la usawa, lakini ndani kulikuwa na wazo ambalo ningependa kila kijana wa Kenya alijue. Kwa maneno yangu: pesa za maendeleo tuziweke pale zitakapozaa haraka zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara, stima, na watu walio tayari kwa maendeleo. Faida ikija, itasambazwa kwa wengine.

Kwa karatasi ya uchumi, hiyo inasikika kama akili. Ukiwa na shilingi 100, panda pale penye mvua. Lakini jiulize: barabara, reli na stima zilikuwa wapi mwaka wa 1965? Zilikuwa pale mkoloni aliziweka, kwa faida ya mashamba ya walowezi na njia ya kwenda bandarini. Kwa hivyo waraka ulichukua ramani ya mkoloni ukaigeuza kuwa sera ya nchi huru. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Turkana, Wajir, Mandera, Marsabit, Tana River, Lamu, wakaambiwa wangoje.

Kuna mtu aliuliza maswali magumu mapema. Julai 1965, mwanauchumi kijana aliyesomea Marekani aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akiuchambua waraka huo. Jina lake lilikuwa Barack Obama. Ndiyo, babake yule mwingine. Alikosoa waraka wa serikali yake mwenyewe hadharani, na hiyo Kenya ya wakati ule halikuwa jambo la bure.

Basi watu walingoja. Walingoja miaka 10, 20, 40. Ile faida ya kusambazwa haikufika.

Pigo la pili: mabaraza

Watu wengi hufikiri baada ya majimbo kulikuwa na Nairobi tu. Hapana. Kulikuwa na mabaraza ya kaunti na manispaa, na miaka ya 60 yalikuwa yakiendesha shule za msingi, vituo vya afya na barabara za mashambani. Yalitegemea kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na mapato ya mtu. Pesa hazikutosha, mengi yakalemewa na mishahara ya walimu.

Kulikuwa na njia mbili. Unaweza kuyaongezea mapato yafanane na kazi, au kuyapunguzia kazi zifanane na mapato. Serikali ilichagua ya pili. Sheria ya 1969 iliyahamisha elimu ya msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti hadi serikali kuu, na miaka michache baadaye ile kodi yenyewe pia ikaondolewa. Baraza likabaki na nini? Soko, kichinjio, vyoo vya umma, leseni, na askari wa kufukuza wachuuzi.

Hapo ndipo "kanjo" unayemjua alizaliwa. Ukijiuliza mbona serikali ya mtaa Kenya ilikuja kujulikana kwa kumwaga mboga za watu na si kwa kujenga kitu, jibu ni hili: ilinyang'anywa kazi zote za kupendwa nazo, ikaachiwa zile za kuchukiwa.

Baadaye kulikuwa na majaribio. Mwaka wa 1983 ulikuja mpango wa kuelekeza maendeleo wilayani, lakini walioamua walikuwa maafisa walioteuliwa, si watu waliochaguliwa. Sheria ya 1998 ikaanzisha hazina ya kuyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Mwaka wa 2003 ikaja CDF, asilimia 2.5 ya mapato ya serikali kwenda maeneo bunge. CDF ilijenga madarasa mengi, hata mimi nimesomea ndani ya darasa lenye hilo bango. Lakini angalia vile inafanya: mtu aliyechaguliwa kutunga sheria na kuchunguza bajeti anageuka kuwa mtu wa kugawa basari. Mahakama ya Juu ilisema Agosti 2022 kwamba sheria ya CDF ya 2013 ilikuwa kinyume na katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu ile iliyoifuata ya 2015. Wabunge hawajaacha kuitetea, na unajua mbona. Bango lina jina lao.

2010: tuliandika pesa ndani ya katiba

Neno majimbo lilichafuka miaka ya 90, pale wanasiasa walipolitumia kufukuza watu mashambani mwao. Ndiyo maana sisi tunasema ugatuzi. Baada ya Bomas, baada ya kura ya maoni ya 2005 iliyoanguka, baada ya damu ya 2007 na 2008, Wakenya walipitisha katiba mpya tarehe 4 Agosti 2010. Kaunti 47 zikatoka kwa zile wilaya 47 zilizokuwa kwenye sheria ya 1992.

Walioandika katiba hii walijifunza kitu kutoka 1964. Hawakusema tu kaunti zitakuwepo. Waliandika pesa yake ndani ya katiba. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zitapata angalau asilimia 15 ya mapato yote yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Kifungu cha 219 kinasema mgao utumwe bila kucheleweshwa isivyofaa. Kuna Tume ya Ugavi wa Mapato ya kupendekeza mgao, Msimamizi wa Bajeti wa kuidhinisha pesa zikitoka, na Seneti iliyofufuliwa kutetea kaunti. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na stima katika maeneo yaliyosahaulika. Hiyo hazina ni kama risiti ya deni la 1965.

Gawio lenyewe hufanyika mara mbili. Kisu cha kwanza kinakata kati ya serikali ya kitaifa na kaunti zote kwa pamoja. Kisu cha pili kinagawanya kipande cha kaunti katika sehemu 47, kwa fomula ambayo Seneti huamua kila miaka mitano. Kila kisu kina vita vyake.

Kisu cha pili: Marsabit na Kiambu

Tuanze na hicho cha pili, juu ndicho kilitufikisha pabaya mwaka wa 2020.

Fomula ya kwanza ilikuwa hivi: idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na uwajibikaji wa kifedha 2. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, kaunti za kaskazini zikapata pesa nyingi za kupanga zenyewe. Miji ya Wajir na Mandera ikapata lami yake ya kwanza. Fikiria hilo. Nchi ina zaidi ya miaka 50, ndiyo mji unapata lami.

Mwaka wa 2020 pendekezo jipya likaja, na chini yake kaunti kama Wajir, Mandera, Marsabit na Tana River zingepoteza pesa, huku Kiambu, Nakuru na Uasin Gishu zikiongezewa. Kauli ya upande mmoja ilikuwa "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Inasikika ya haki, sivyo? Kiambu ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2.4 kwa sensa ya 2019. Marsabit ilikuwa na watu kama 460,000. Mbona mtoto wa Kiambu apate kidogo kuliko mtoto wa Marsabit?

Hili swali ni la haki kabisa na sipendi watu wakilipuuza. Hospitali ya mji uliojaa watu inaumia kweli. Lakini Kiambu ni kama kilomita mraba 2,500. Marsabit inapita 66,000. Kumfikisha muuguzi, chanjo au lori la maji kwa mtu mmoja wa Marsabit ni gharama tofauti kabisa. Tena shilingi moja kwa mtu mmoja ni hesabu ya haki kama wote tulianza mstari mmoja, na huyu aliambiwa mwaka wa 1965 angoje.

Seneti ilikwama kwa wiki nyingi, ikakutana mara kumi. Agosti maseneta watatu walikamatwa na polisi katikati ya mjadala. Septemba wakakubaliana, na suluhisho lenyewe linafunza: fomula mpya haingetumika mpaka jumla ya pesa za kaunti zipande kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Kwa maneno mengine, ugomvi wa kisu cha pili ulitulia pale tu keki ilipoongezwa na kisu cha kwanza. Masikini wa Marsabit na masikini wa Githurai walikuwa wanapigania makombo, na mkate uko mezani kwa mtu mwingine.

Kisu cha kwanza: ujanja wa asilimia

Sasa ingia hapa polepole, juu hapa ndipo wengi huchezewa.

Katiba inasema asilimia 15 ihesabiwe kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Mkaguzi anakagua, kamati za Bunge zinachelewa, na hesabu za "mwisho" zinageuka kuwa za miaka kadhaa iliyopita. Kwa mwaka wa 2025/26, kaunti zilipewa bilioni 415. Hesabu zilizotumika zilikuwa za mwaka wa 2020/21, ule wa Korona, ambapo mapato yalikuwa kama trilioni 1.57. Ukigawanya, unapata zaidi ya asilimia 26. Afisa anasimama mbele ya kamera anasema: tumepita kiwango cha katiba kwa mbali, hawa magavana wanalilia nini?

Lakini pesa za 2020/21 zilishaliwa zamani. Mapato ya kawaida yaliyotarajiwa 2025/26 yalikuwa zaidi ya trilioni 2.7. Gawanya tena bilioni 415 kwa hiyo. Unapata asilimia 15 na ushei kidogo. Yaani ile sakafu ambayo katiba ilisema tusishuke chini yake, sisi tunakaribia kulala juu yake, na wakati huo huo tunaambiwa tuko orofa ya juu.

Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Ndiyo maana ni ujanja na si uhalifu. Bunge la Kitaifa lenyewe ndilo linalochelewa kuidhinisha hesabu, na Bunge hilo hilo ndilo linalonufaika na kuchelewa.

Serikali ya kitaifa ina hoja yake, na nitaisema vizuri. Mapato yote si ya kugawanywa: kuna madeni, na riba inakula sehemu kubwa ya ushuru kabla mtu yeyote hajapata kitu. Kuna usalama, kuna mishahara ya walimu, kuna pensheni. Ni kweli. Lakini madeni ni nani aliyaomba? Kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali ya kitaifa. Barabara za juu na reli za mabilioni ziliamuliwa Nairobi. Kukopa wakope wao, kufunga mkanda ufungwe na zahanati ya kijijini.

Na sisi wa rika hili tunafaa kukumbuka 2024. Tarehe 25 Juni watu walimiminika barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake mswada ukaondolewa. Kilichofuata hakikupata kelele nyingi: mgao wa kaunti, uliokuwa umeshapitishwa kwa bilioni 400.1, ukarudishwa mezani. Hazina ilitaka ushuke hadi 380. Baada ya miezi ya kuvutana ukaishia bilioni 387.4. Mimi naisoma hivi: tulipokataa kuongezewa ushuru, Nairobi haikuanza kwa kujinyima yenyewe. Ilitafuta wa kumpunguzia, ikampata yule asiyekuwa na kelele.

Halafu kuna kuchelewa kwenyewe, ndugu yake 1964. Pesa za kaunti huweza kukaa miezi miwili, mitatu bila kufika. Wauguzi wanakosa mshahara, mwanakandarasi anangoja, dawa zinaisha. Mgonjwa anamlaani gavana. Hamlaani mtu wa Hazina, hamjui hata sura. Na polepole watu wanaanza kusema: hizi kaunti ni za nini? Si afadhali afya irudi Nairobi? Hapo ndipo njaa inafanya kazi yake. Haikuui. Inakufanya uonekane huna maana, mpaka watu wenyewe wakubali uzikwe.

Lakini magavana nao

Najua unachosema. "Bro, hizo pesa zikifika zinaibwa." Ndiyo. Kuna kaunti zimegeuza ugatuzi kuwa kampuni ya familia. Seneti iliwaondoa magavana wawili mwaka wa 2020, wa Kiambu na wa Nairobi. Sheria inasema angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi hazifiki huko. Madeni ya kaunti kwa wanakandarasi na wauzaji bidhaa yamepita bilioni 150, na nyuma ya nambari hiyo kuna vijana waliochukua mkopo kupeleka vitabu au mchanga wakafilisika wakingoja kulipwa.

Lakini mbona wizi wa kaunti unatufanya tutake kufuta kaunti, na wizi wa Nairobi hautufanyi tutake kufuta Nairobi? Hazina za kitaifa zimeporwa tangu kabla tuzaliwe na hakuna aliyesema turudishe nchi kwa mkoloni. Na Makueni ilionyesha inawezekana. Kuanzia 2016, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Wakajenga kiwanda cha maembe Kalamba. Walikuwa na fomula ile ile na Hazina ile ile inayochelewesha. Tofauti ilikuwa wananchi walikaa kwa mikutano wakachagua miradi wenyewe, kuanzia kijijini.

Na kuna jambo moja ambalo magavana hawapendi kulizungumzia, hasa wa mijini. Kaunti zina ushuru wao: kodi ya ardhi na nyumba, ada za maegesho, leseni, masoko. Mwaka wa 2023/24 kaunti zote 47 pamoja zilikusanya chini ya bilioni 60. Mbona kidogo hivyo? Nairobi ilikaa karibu miaka 40 ikitoza kodi ya ardhi kwa orodha ya thamani ya 1980. Mwenye kiwanja cha mamilioni alikuwa akilipa kwa bei ya wakati ule, na shangazi yangu anayeuza sukuma analipa tiketi ya soko kila asubuhi, mvua ije jua liwake, awe ameuza ama hajauza. Serikali ya kitaifa nayo ina ardhi na majengo mengi mjini, na haijawahi kuwa mlipaji mzuri. Kumtoza mama mboga ni rahisi, anakaa chini. Mwenye jengo ana wakili.

Mtu anayetegemea pesa za kutumiwa hujibu kwa anayemtumia. Gavana akitegemea Hazina, macho yake yanatazama Nairobi. Akitegemea kodi ya wakazi, angalau kidogo, ataanza kutazama wakazi. Kwa hivyo nikisema kaunti ziongezewe mgao, nasema pia ziache kujificha nyuma ya huo mgao.

Tunaweza kufanya nini, kando na kulalamika

Hazina ya Usawazishaji inaisha miaka 20 baada ya katiba, yaani Agosti 2030, isipokuwa Bunge liongeze muda. Miaka mingi ya mwanzo ilipita huku pesa zake zikikwama na kesi na kanuni zikivutana. Mtu wa miaka 18 leo atakuwa mpiga kura mzoefu ikiisha. Kama hakuna atakayeuliza, itaisha kimya kimya, na lile deni la 1965 litafutwa bila kulipwa.

Na kuna kalenda. Iandike mahali. Kufikia 15 Februari, serikali ya kitaifa inapeleka Taarifa ya Sera ya Bajeti bungeni. Hapo ndipo nambari ya kaunti inaanza. Kufikia 28 Februari, kaunti yako inapeleka mpango wake wa fedha kwa bunge la kaunti. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanafika kwa MCA. Kufikia 30 Juni lazima yapitishwe. Katikati ya hizo tarehe kuna vikao vya maoni ya umma, na kwa vile huwa tupu, watu kumi wenye karatasi na maswali wanaweza kusumbua gavana kweli. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo ya mwaka, bure, kaunti kwa kaunti. Fungua ya kwako. Tafuta safu ya usafiri, halafu tafuta safu ya dawa. Zilinganishe.

Ukiona pesa hazikufika, uliza Hazina. Ukiona zilifika na hakuna kitu, uliza gavana na MCA wako. Hayo ni maswali mawili tofauti, na wanasiasa wa pande zote mbili wanaomba kila siku usijue tofauti yake.

Watu wa 1964 hawakupata nafasi ya kuuliza. Mikoa yao ilikuwa imeanza juzi tu, hawakuwa wameionja. Sisi tumeionja tangu 2013, uzuri wake na uozo wake. Kama kaunti zitakufa mikononi mwetu, haitakuwa kwa sababu hatukuambiwa.